Jua la Leicester, usiku wa Shiva

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya kwanza dukani kwa haraka, ya pili hapa barazani baada ya kufunga. Unauliza usiku wa Mahashivaratri, mkesha wetu Wahindu wa mungu Shiva, ufuate saa za nani: simu inakupa za India, mama yako amekutumia za Unguja, na hekaluni huko Leicester, Uingereza, wamebandika za kwao. Tena unauliza kama kukesha kuna maana kwa mtu ambaye Jumatatu asubuhi anatakiwa kazini. Nakujibu kwa Kiswahili, maana Kigujarati changu cha kuandika hakivuki daftari la madeni.

Fuata za Leicester.

Na kwanza tuelewane siku. Mama yako alipoandika "usiku wa Jumatatu" alisema kama tusemavyo huku: usiku hutangulia mchana wake. Ni Jumapili tarehe 15 Februari 2026 jua likizama, kuamkia Jumatatu. Usije ukakesha tarehe 16 peke yako.

Kosa la saa hata babu yako alilifanya. Kila mwaka akiletewa panchang, ile kalenda yetu, kutoka Kutch kule India, kwa mkono wa yeyote aliyekuwa anarudi safari. Mwaka mmoja akajiona bingwa wa hesabu: India wako mbele yetu kwa saa mbili na nusu, basi akazitoa kwenye kila wakati uliochapwa. Saa nne kasoro usiku tukashikishwa vyombo vya maziwa, ibada kuu ikafanywa na kumalizwa nyumbani. Kufika hekalu la Hurumzi tukakuta watu bado wamo katika prahara ya pili, yaani robo ya pili ya usiku, na wakati mkuu haujakaribia. Pujari, kuhani wa hekalu, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Kwani jua la Bhuj, huko Kutch, huzama hapa Forodhani?" Babu yako hakucheka. Alirudia yote.

Kilichomponza ni kwamba zipo nyakati za aina mbili na yeye alizichanganya. Tithi, siku ya panchang, ni mwendo wa mwezi: mwezi wa angani kila ukizidi kuachana na jua kwa nyuzi 12, tithi moja imekwisha, na hilo hutokea kwa mpigo mmoja dunia nzima. Tithi ya 14 ya nusu ya giza, Chaturdashi, mwaka huu inaanza tarehe 15 saa 11:04 jioni kwa saa za India. Hiyo ndiyo unayoitoa na kuijumlisha: kwetu saa 8:34 mchana, kwako saa 5:34 asubuhi. Lakini prahara na nishita ni mali ya jua la pale ulipo. Usiku, tangu jua kuzama mpaka kuchomoza, unakatwa mafungu manne, ndizo prahara. Ukiukata tena mafungu 15, kila moja huitwa muhurta, na ile ya nane, ya katikati kabisa, ndiyo nishita, saa ya Shiva.

Huku kwetu mambo haya ni mepesi. Saa ya Kiswahili yenyewe huanza kuhesabu pale jua linapozama, na usiku wetu ni saa 12 pungufu kidogo, basi hata bila kalenda mtu hukisia: saa tatu, saa sita, saa tisa, alfajiri. (Hasa hasa nishita yetu mwaka huu ni kama saa 6:14 mpaka saa 7 usiku.) Huko kwako Februari usiku una saa 14. Jua linazama saa 11 na robo jioni, kila prahara ni saa tatu na nusu, na muhurta inafika dakika 56 badala ya 47 za kwetu. Nishita yako ni kuanzia saa 6 kasoro dakika 10 mpaka saa 6:46 usiku. Waliobandika pale hekaluni wamepatia.

Kuhusu kazi: lala mapema jioni, amka kwa nishita, mwagia linga, lile jiwe la Shiva, maji na maziwa, soma jina la Shiva, rudi kulala. Mimi sioni dhambi. Prahara zote nne, yaani kulimwagia maziwa, kisha mtindi, kisha samli, kisha asali, ni za mwenye nafasi. Kumbuka yule mwindaji wa hadithi ya bibi yako: alipanda mti wa bilva kwa kuogopa wanyama, akawa anachuma majani na kuyaangusha ili asisinzie, asijue kuwa chini kuna linga. Hakuwa na panchang wala pujari, na ibada yake ilipokelewa.

Kufunga nako usijitese. Nafaka hapana, chumvi iwe ya mawe. Viazi vitamu ruhusa, karanga ruhusa, matunda na maziwa ruhusa. Sabudana unazozinunua huko kwa bei ya dhahabu ni muhogo tu uliotengenezwa vidonge. Mwaka huu Ramadhani inaingia siku chache baada ya Shivaratri, kwa hiyo majirani watakuwa kwenye vunjajungu, wanakula kwa kwenda mbele, na sisi tumefunga. Bibi wa nyumba ya pili ameshanitania sokoni, tukigombea fungu moja la viazi: yeye anaweka akiba ya futari, mimi natafuta farali, chakula chetu cha siku ya kufunga. Maneno yamekaribiana, na sufuria zenyewe, ukitoa tui lake, hazina tofauti kubwa.

Asubuhi fungua baada ya jua kuchomoza, yaani saa 1:20 huko kwako, na iwe kabla ya tithi kwisha saa 6 mchana. Hapo hata chai ya kazini inatosha.

Ubani washa kijiti kimoja tu, ukiwa karibu na dirisha. Mwaka jana king'ora cha moshi kiliamsha jengo zima na mama yako bado anaisimulia. Ile asali ya Tabora niliyokufungia kwenye sanduku, kama hujaimaliza na mkate, bakiza kijiko.

Baba yako