Uliza Mwalimu: Mwanamke wa buluu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu ni muuguzi kule Galway, Ayalandi. Mzee mmoja wodini alimwita "bean ghorm". Wenzake wakamweleza kuwa maana yake ni "mwanamke wa buluu". Je, ametukanwa? Na mbona kamusi yake ina "gorm" tu, bila hiyo h?
Mama Achieng', Umoja

JIBU: Marahaba, Mama Achieng'. Neno lenyewe si tusi. Sauti ya mzee, binti yako ndiye aliyeisikia.

Leo gorm ni buluu, lakini katika Kiayalandi cha kale lilibeba pia rangi yoyote iliyokolea ikakaribia weusi. Ndugu yake wa Kiwelishi, gwrm, hadi leo ana maana ya giza. Utauliza, mbona wasitumie dubh, yaani -eusi? Ukimwita mtu dubh, unataja nywele zake. Na "an fear dubh", mtu mweusi, ni Shetani! Ngozi ikaachiwa gorm. Kumbukumbu zao za kale zinasimulia Waviking wa karne ya 9 walioteka watu Afrika Kaskazini wakawapeleka Ayalandi, nao mateka wale wakaitwa kwa neno hilihili. Sisi nasi humwita mtu maji ya kunde, na hakuna anayetafuta kunde mwilini mwake.

Sasa h, ambayo naipenda zaidi. Kivumishi chetu hubadilika mwanzoni kufuata ngeli: mtu mweusi, kitu cheusi. Nomino za Kiayalandi ni za kiume au za kike, na ya kike hulainisha g ya kivumishi ikawa gh: fear gorm, mwanamume, bean ghorm, mwanamke. Wingi ni daoine gorma, watu weusi. Ukitaka "mkono wa mwanamke mweusi", ni lámh mná goirme. Na goirme hiyohiyo hutumika kulinganisha: níos goirme, buluu zaidi.

Gh hiyo ni ya ghali na ghafla. Sista wa Ayalandi aliyekuwa jirani yangu South B alipiga makofi nilipoitamka sawasawa mara ya kwanza. Kilichonishinda ni r na m, mpaka aliponionyesha kwamba kati yake husikika irabu isiyoandikwa: "ghoram". Ni vile tulivyoifanya shukr ya Kiarabu ikawa shukuru. Basi mwambie binti asome hivi: "byan ghoram".