Dashibodi inasema 7.1, mbona LUKU inaisha haraka?

Ndugu, hiyo Nissan Leaf yako, gari la umeme, haikudanganyi. Kilomita 7.1 kwa uniti ni umeme uliotoka kwenye betri, ila LUKU inahesabu uliotoka ukutani. Katikati kuna chaja ya ndani ya gari inayopoteza umeme kama joto, na kompyuta na pampu ya kupoza zinazokula umeme muda wote wa kuchaji. Ndiyo maana kuchaji polepole kwa ampea 6 kunapoteza sehemu kubwa zaidi kuliko ampea 16: matumizi hayo ya pembeni ni yaleyale, saa ndizo zinazoongezeka.

Usipime kwa LUKU, maana friji na pasi zimo humo. Mwambie fundi afunge submita (mita ndogo ya pembeni) kwenye laini ya soketi ya gari peke yake, baada ya sakiti breka. Chaji hadi 100%, andika odometa na submita, endesha wiki nzima, kisha chaji tena hadi 100%. Kuanzia na kuishia 80% ukikisia kwa macho kunaharibu hesabu.

Tuseme umeenda km 150 na submita imesoma uniti 24. Dashibodi ingekuambia 21 (150 gawa kwa 7.1), kwa hiyo kama 12% imepotea njiani, jambo la kawaida. Kwa shilingi 356 kwa uniti, ni 8,544, yaani 57 kwa kilomita. Bei ya uniti itoe kwenye risiti, ukiondoa kwanza kodi ya jengo, vinginevyo gari litabebeshwa deni la nyumba.