Muulize Mama Miche: Kaktasi ya duara, mbona miche inakufa?

Mwezi huu karibu nusu ya barua zimekuja na kaktasi, ile ya duara yenye miiba ya njano inayopandwa mbele ya mahoteli na kwa mageti ya watu wa Milimani. Naelewa, ukienda kununua ile kubwa bei inakurudisha nyumbani bila kuaga, ndio watu wameamua wapande mbegu. Nimechagua barua nne.

SWALI: Mama Miche habari yako. Mimi niko Nakuru, Section 58. Nilinunua mbegu za kaktasi nikapanda kwa poti nikaiweka dirishani penye jua linapiga kutwa, juu najua ni mmea wa jangwa, na maji nikawa nanyunyiza kidogo tu mara moja kwa wiki. Nyingi hazikutoka, na zile zilitoka ziligeuka nyekundu zikakauka. Niliuziwa mbegu mbaya ama? *Dada wa Section 58*

JIBU: Njema dada. Mbegu hazikuwa mbaya, kama kuna zilizotoka basi pakiti ilikuwa hai. Kitu kimoja tu, umelea mtoto mchanga kama mtu mzima. Kaktasi kubwa inavumilia jua na kiu kwa sababu ina tumbo la maji na mizizi imeshatandaa, lakini ya wiki mbili haina hata tone la akiba. Huko kwao Mexico, upande wa Querétaro, inamea kwa miteremko ya mawe, na mche unaopona ni ule ulioangukia penye kivuli kidogo na unyevu, nyufani mwa mawe ama chini ya kichaka, mvua ikiwa imenyesha. Kwa hivyo mwaka wa kwanza sahau jangwa kabisa, mlee kama miche ya nasari.

Anza na udongo. Sisi wa Nakuru tumebarikiwa, yale mawe mepesi ya kusugulia miguu, yale yanaelea juu ya maji, yamejaa kuanzia Menengai mpaka Naivasha. Yaponde, uyachekeche, zile punje za chini ya milimita tano ndio unataka, na vumbi utupe maana linaziba. Changanya nusu ya hayo mawe, robo mchanga wa mto uliooshwa mpaka maji yatoke safi, robo mboji iliyoiva vizuri. Sasa hapa ndio watu wanaruka: weka huo mchanganyiko kwa sufuria nzee (si ya kupikia ugali tafadhali), loanisha kidogo, funika, moto mdogo nusu saa hivi mvuke upande, halafu uache upoe ukiwa bado umefunikwa. Ukiruka hapo unapanda mbegu pamoja na ukungu na mbegu za magugu.

Tumia kontena isiyo na kina kirefu, yenye matundu chini, iweke ndani ya beseni la maji mpaka uone udongo umelowa kutoka chini hadi juu, usimwage maji kwa juu. Mbegu zenyewe ni nyeusi zinang'aa, kama milimita moja na nusu, zitawanye juu kisha uzikandamize na kidole pole pole, USIZIFUKIE, zinataka mwanga ndio ziamke. Nadhani nyingi za zako ziko huko chini zimezikwa. Kisha funika. Wazungu kwa video zao wanatumia mifuko ya plastiki ya zipu, sisi makaratasi ya plastiki yalipigwa marufuku tangu 2017, kwa hivyo chukua ule mkebe wa keki wenye kifuniko cha kuonekana ndani, unafanya kazi hiyo hiyo hata poa zaidi.

Joto inataka nyuzi 20 hadi 30. Mchana Nakuru tuko sawa, shida ni usiku, hasa mwezi wa sita na wa saba baridi yetu si ya mchezo, kwa hivyo usiku iweke jikoni ama juu ya friji. Mchana iwe penye mwangaza mwingi lakini jua lisiigonge moja kwa moja, mkebe uliofungwa ukiachwa juani saa sita unachemsha kila kitu ndani. Zitaanza kutoka baada ya wiki moja hadi tatu, zingine zinajivuta hata mwezi, usizifukue kuangalia. Usingoje majani, utaona kiduara kijani kinono cha milimita mbili tatu, halafu juu katikati panachipuka viwiba vyeupe laini vya kwanza. Ile mistari ya kwenda juu kama ya ile kubwa haiji sasa, mwanzo ni vinundu vinundu tu.

Zikishakuwa na miiba, kama baada ya mwezi mmoja unusu hivi, anza kufungua kifuniko, leo kidogo kesho zaidi, mpaka zizoee hewa ya nje. Udongo usikauke kabisa kwa hiyo miezi ya mwanzo. Wekundu uliouona ni jua limezidi, ukiuona tena sogeza kivulini mapema na mara nyingi rangi inarudi. Zikirefuka zikichongoka badala ya kuwa duara, hapo ni mwanga umepungua. Kuhamisha usiwe na haraka, miezi sita hadi mwaka, zikianza kubanana.

SWALI: Sasa Mama Miche, mimi ni kijana wa Mamboleo, Kisumu. Zangu zilitoka vizuri sana karibu zote, nilitumia udongo wa shamba ya mzee huko Kano nikafunika na kioo. Wiki ya pili nikaona kitu cheupe kama utando halafu miche ikaanza kuanguka moja moja, shina limekuwa majimaji. Bado kuna kama kumi zimesimama. Nifanye nini? *Jamaa wa Mamboleo*

JIBU: Poa kijana. Hiyo ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu, ule ule unaomaliza miche ya nyanya na sukuma kwa nasari. Udongo mweusi wa Kano unajua venye unanata kwa gambuti mvua ikinyesha, unashika maji hauachilii, na hukuupika, na Kisumu yenu ina joto, kwa hivyo ukungu ulipata kila kitu unachopenda. Mpunga utakushukuru kwa huo udongo, kaktasi hapana.

Fanya hivi leo, si kesho. Toa zote zilizoanguka pamoja na udongo ulio chini yake, fungua kioo hewa ipite, kisha enda agroveti uliza dawa ya ukungu ya kopa, changanya kulingana na karatasi yake na unyunyize kidogo. Usimwagilie tena mpaka uso wa udongo uanze kubadilika rangi, na ukimwagilia tumia maji ya mvua ama yaliyochemshwa yakapoa. Hizo kumi zikipona siku kadhaa, zihamishe kwa udongo wa mawe kama nilivyomwambia dada wa Section 58, tumia kijiti cha meno kuinua, usizishike na vidole. Huko kwenu sipati hata sababu ya kusumbuka na joto la usiku, wewe pambana na hewa na maji tu.

SWALI: Hujambo Mama Miche. Mimi ni mwalimu mstaafu, Kakamega. Nimeona mtandaoni wanauza mbegu za kaktasi ya blue, ya pink na ya rangi mchanganyiko, picha zinapendeza mno. Je, ni za kweli? Na hii ya njano itatoa maua baada ya muda gani? *Mwalimu*

JIBU: Sijambo mwalimu wangu. Hizo picha zimepakwa rangi kwa kompyuta, weka pesa yako. Ukipanda utapata nyasi, ama kitu kisichojulikana, ama usipate chochote. Na muuzaji akikuambia atakutumia kutoka nje, kumbuka mbegu za kuingia Kenya zinataka kibali cha KEPHIS, lile shirika la serikali la kukagua mimea, kabla hazijatumwa. Tafuta anayeandika jina la kitaalamu, *Echinocactus grusonii*, ndilo tangu 1886, siku hizi wengine wanaandika *Kroenleinia grusonii*, ni mmea ule ule.

Maua mwalimu, nitakuambia ukweli, hesabu miaka kumi na tano, ishirini, ikishafika upana wa kama sentimita 40. Ni ya njano, yanatoka kwa duara pale juu kwenye sufi. Na usingoje watoto pembeni, hii kwa kawaida haizai vichipukizi kama aloe, ndio maana tunahangaika na mbegu. Wapandie wajukuu basi. Kakamega kwenu mvua haina likizo, kwa hivyo hata ikikua iweke chini ya veranda ama paa la mabati ya kuona, na ukiona wadudu wenye unga mweupe katikati ya miiba, wapake spiriti na pamba ya masikio.

Kitu kingine cha kushangaza, huko Mexico porini hii mimea imebaki michache, sehemu kubwa ya makao yake ilizama bwawa la Zimapán lilipojengwa miaka ya 1990, halafu wezi wakachimba zilizobaki. Zilizo kwenye mapoti duniani ni nyingi kuliko za porini. Sasa hebu fikiria.

SWALI: Mama, ile kaktasi kubwa kama mti huko ndani ya mbuga ya Lake Nakuru, nikikata tawi nipande itamea? *Mzee wa Lanet*

JIBU: Mzee wangu, kwanza ya mbuga haikatwi, askari wa KWS hawana utani. Pili hiyo si kaktasi, ni euphorbia, jamaa ya ule mnyaa wa ua. Angalia ukiikwaruza inatoa maziwa meupe, kaktasi yetu haitoi hayo. Tawi linamea ndio, ukipata kwa jirani liache likauke kidonda wiki mbili kivulini kabla ya kupanda, lakini vaa glavu na miwani, hayo maziwa yakiingia machoni yanaweza kukupofusha. Yakikurukia osha na maji mengi dakika kumi na tano na uende hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kesho.