Maswali na majibu: Tairi limegoma kuingia kwenye rimu

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu tairi la baiskeli linalobana, na wengi mnataka nitaje kifaa. Vifaa nitavitaja. Ila mara nyingi kinachokosekana ni milimita chache za nafasi ambazo tayari zimo ndani ya rimu yako, na hakuna liva (kile kijiti cha kupandishia na kutolea tairi) itakayokutafutia. Ndiyo maana jibu la kwanza ni refu kuliko mengine.

Shikamoo fundi. Nimenunua tairi jipya la waya. Linaingia vizuri mpaka kinabaki kipande cha kama shibiri moja, hapo linagoma. Nikilazimisha kwa liva linaingia, lakini tyubu inatoka na pancha. Nimeshaharibu tyubu mbili. Nifanyeje?

Marahaba, mdogo wangu. Liva iweke chini kwanza.

Ukingo wa tairi, ule wenye waya ndani, hautanuki. Ukiona umeingia, ujue haukuvutika, bali ulipata nafasi mahali pengine. Nafasi hiyo iko kwenye mfereji unaopita katikati ya rimu, pale utepe ulipofunika vichwa vya spoku. Tairi likishajaa upepo, ukingo wake hukaa pembeni mwa mfereji huo, mahali ambapo mzingo wa rimu ni mkubwa. Ndani ya mfereji mzingo ni mdogo. Tupige hesabu: mfereji ukiwa na kina cha milimita 3, nawe ukaushusha ukingo humo kwa nusu nzima ya gurudumu, unapata karibu milimita 9 za kulegea kwenye nusu nyingine. Kwa tairi linalobana, milimita 9 ni mali. Wengi wanazipoteza zote, kwa sababu wanapigana na kile kipande cha mwisho huku upande wa pili wa gurudumu ukingo umeshapanda pembeni na kutulia.

Sasa kazi yenyewe. Tia tyubu upepo kidogo, ipate tu umbo la duara. Ingiza ukingo mmoja wote, kisha weka tyubu, kisha anza ukingo wa pili mahali palipo mkabala na valvu ili umalizie kwenye valvu. Wengi hufanya kinyume, na ndipo wanapokwama. Shina la valvu pamoja na ule mpira mnene unaolizunguka huziba mfereji, kwa hiyo ukingo hauwezi kushuka pale. Ukianzia kwenye valvu, umeifunga sehemu ya nafasi yako kabla hata hujaihitaji.

Kipande cha mwisho kikigoma, toa upepo wote. Rudi mkabala na valvu, binya kuta mbili za tairi kwa vidole mpaka kingo zote mbili zishuke mferejini, halafu lisukume tairi kwa viganja kulielekeza kwenye valvu, mkono mmoja kulia na mwingine kushoto. Zunguka hivyo mara kadhaa. Utaona kile kipande kilichobaki kinalegea chenyewe. Hapo tumia vitako vya viganja, ukisukuma kidogo upande huu na kidogo upande ule. Usijaribu kukipandisha chote kwa mkupuo.

Ukiona ukisukuma upande mmoja, ukingo unachomoka upande mwingine, ufunge. Kipande cha kitambaa kigumu au vile vikanda vya plastiki vya kufungia nyaya, kikizungushwa juu ya tairi na rimu, kinauzuia usirudi nyuma. Kwa anayefanya kazi peke yake, kikanda hicho ni mkono wa tatu.

Likishaingia, isukume valvu ndani ya tairi kisha ivute irudi, maana tyubu hupenda kubanwa hapo hapo. Halafu likague gurudumu zima pande zote mbili kabla ya kupiga pampu.

Na ule utepe wa rimu uangalie. Utepe mnene wa kitambaa, au tabaka mbili tatu zilizobandikwa juu ya zamani, zinapunguza kina cha mfereji. Ukiongeza unene wa milimita 1, kati ya zile milimita 9 zako zimekwenda kama 3. Nimeona matairi yaliyosingiziwa kuwa na kasoro kiwandani, kumbe kosa lilikuwa la utepe.

Kaka, liva za chuma au za plastiki? Mimi natumia bisibisi bapa na sijawahi kuona tatizo.

Hujaliona kwa sababu liko ndani. Ncha ya bisibisi ina kona kali. Inakata nyuzi za tairi karibu na waya, inachana utepe wa rimu, na inaacha kovu kwenye mdomo wa rimu ya alumini. Kovu hilo baadaye linaweza kukwaruza tyubu au kugusa vipande vya breki kila mzunguko. Bisibisi irudi kwenye skrubu.

Liva za plastiki ngumu zinatosha kazi nyingi. Haziumizi rimu, na kwenye rimu za kaboni ndizo pekee ninazozikubali. Ubaya wake ni kupinda au kukatika tairi likikaza sana, hasa zile nyembamba zinazotolewa bure pamoja na kibegi cha viraka. Chagua zenye uti mnene na ncha nyembamba, iliyochongoka taratibu na isiyo na ukali. Ziko pia zenye kiini cha chuma kilichovishwa plastiki, na hizo kwa maoni yangu ni suluhu nzuri kwa tairi sugu, ilimradi ukague kama plastiki haijachubuka. Liva ya chuma tupu ina nguvu kuliko zote na haikatiki, ila iachie rimu za chuma, tena iwe imelainishwa kwa msasa.

Muhimu zaidi ni namna unavyozipanga wakati wa kutoa. Kwanza shusha kingo mferejini upande ulio mkabala, kama nilivyosema juu, halafu chomeka liva karibu na valvu (karibu, si juu yake). Kwa tairi linalobana usiweke liva ya pili mbali na ya kwanza kwa tamaa ya kumaliza haraka. Sentimita 5 mpaka 8 zinatosha. Ukizidisha, unainua kipande kirefu kwa mara moja, na hapo ndipo plastiki inapolia.

Nimeona kifaa chenye mkono mrefu kama koleo, kinavuta tairi lipande juu ya rimu. Kina faida kweli au ni mapambo?

Kina faida, dada. Kinachojulikana zaidi ni Tire Bead Jack ya Kool Stop. Upande mmoja kinaegemea mdomo wa rimu ulio ng'ambo, na ndoano yake inakamata ukingo wa tairi kwa nje. Ukiinua mkono, ukingo unavutwa juu na kuingia.

Tofauti yake na liva ndiyo inayonifanya nikipende. Liva unapoitumia kuingizia tairi, ncha yake inapita chini ya ukingo na kwenda kukutana na tyubu gizani. Zile pancha mbili za mdogo wangu hapo juu nina hakika zilizaliwa hivyo: tundu dogo, mara nyingine mawili, upande wa tyubu unaotazama rimu. Koleo hili halipeleki ncha kwenye tyubu. Linavuta kutoka nje.

Kasoro zake: ni refu, kwa hiyo ni la karakana, si la mfukoni. Kwenye rimu pana sana linaweza lisifike ng'ambo. Kampuni ya VAR ya Ufaransa inatengeneza dogo la kubebeka, linalofanya kazi kwa mtindo huohuo. Kama vidole vyako vinauma au huna nguvu za mikono, nunua koleo kabla ya kununua seti nyingine ya liva. Na kama unabadilisha tairi mara moja kwa mwaka na mikono ni mizima, fedha yako ihifadhi.

Nipake mafuta kidogo lipite?

Usipake. Mafuta ya petroli na grisi vinaharibu mpira, na vikibaki pale tairi linaweza kuteleza juu ya rimu unapofunga breki. Maji yenye sabuni kidogo yanatosha: paka ukingo na mdomo wa rimu, fanya kazi yako, yaache yakauke.

Tairi langu ni la kutumia bila tyubu. Upepo nimetoa wote lakini limeganda kwenye rimu, halibanduki. Liva haipati hata pa kuingilia.

Rimu za aina hiyo zina kijukwaa kila upande wa mfereji, na nyingi zina kituta kidogo kinachozuia ukingo usirudi katikati. Zimetengenezwa zing'ang'anie makusudi. Ongeza na ile dawa ya kuziba matundu iliyokaukia humo, inashika kama gundi.

Usianze na liva. Laza gurudumu, weka vidole gumba viwili mahali pamoja, sukuma ukuta wa tairi kuelekea katikati. Chagua sehemu moja na uing'ang'anie hiyo hiyo. Pakishabanduka, penginepo patafuata. Ikishindikana, liweke gurudumu chini na ukanyage ukuta wa tairi kwa soli laini, karibu kabisa na rimu, ukiangalia usikanyage spoku wala diski ya breki. Zipo pia koleo za kubinyia tairi zenye midomo mipana ya plastiki, maalumu kwa kazi hii. Ukingo mmoja ukibanduka mzunguko mzima, geuza ubandue na wa pili, maana wote wawili lazima wawe mferejini ndipo liva ipate pa kuingia.

Rimu yangu ni ya inchi 26, tairi nalo limeandikwa 26, lakini halikaribii kuingia. Nitumie kifaa gani?

Miwani, ndugu yangu. Inchi zinadanganya. Tafuta ubavuni mwa tairi namba mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 37-622. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha mahali ukingo unapokaa, vyote kwa milimita. Hiyo ya pili lazima iwe sawa na ya rimu.

Tairi la 26 lenye upana wa desimali, kama 26 x 1.95, kwa kawaida ni 559. Lenye sehemu, 26 x 1 3/8, ni 590. Yote ni "26" na hayaingiliani kamwe. Kwenye 28 pia kuna mtego: 28 x 1 1/2 ni 635, wakati 28 x 1.75 na 700C ni 622. Tofauti ya milimita 13 za kipenyo ni kama milimita 41 za mzingo, na hakuna mfereji wa rimu utakaokupa nafasi hiyo. Kama rimu haina namba, soma tairi la zamani lililokuwa linakaa vizuri.

Limeingia, lakini gurudumu likizunguka tairi linaruka sehemu moja.

Hapo ukingo haujapanda kwenye kiti chake. Angalia ule mstari mwembamba unaozunguka juu kidogo ya rimu, utaona sehemu umezama. Toa upepo, paka maji ya sabuni hapo, jaza tena mpaka lipande, bila kuvuka kiwango cha upepo kilichoandikwa kwenye tairi au kwenye rimu. Wenye rimu zisizo na kulabu ndani ya mdomo, mwisho wenu kwa matairi ya barabara ni bar 5, hata kama mnasikia limebakia kidogo tu.

Safarini nibebe nini?

Liva mbili imara, ya tatu kama kuna nafasi, vikanda viwili vya kufungia, tyubu ya akiba, viraka na pampu. Na kabla ya kuondoka, tairi jipya litoe na ulirudishe ukiwa nyumbani kwa vifaa hivyo hivyo utakavyobeba. Likikushinda sebuleni mchana, njiani halitakuwa rahisi zaidi, kwa hiyo badilisha utepe au badilisha tairi wakati bado una nafasi ya kuchagua.