Kipimajoto kukwama kwenye 0

SWALI: Asubuhi za Juni huku Kitulo, kipimajoto chenye utambi (kitambaa chenye maji kwenye ncha yake, cha kupimia unyevu wa hewa) hukwama kwenye nyuzi 0 ilhali kile kikavu kinasoma −2. Kimeharibika?
Msomaji, Makete

JIBU: La. Maji ya utambi yanapoganda hutoa joto, hivyo kipimo hubaki 0 mpaka yote yawe barafu.

Jalidi (umande ulioganda ardhini) ikitarajiwa, lowesha utambi dakika 15 hadi 30 kabla ya kusoma, kwa maji safi ya baridi sana. Yakikataa kuganda, yaguse kwa kipande kidogo cha barafu. Tabaka liwe jembamba. Likiwa nene kipimo huchelewa kutulia. Kisha, kupata unyevu wa hewa, tumia jedwali la utambi wenye barafu, si la wenye maji! Kosa hili ni la kawaida, na wakulima wa viazi wanategemea namba hizo.