Shangazi Anajibu: Dada anaishi ndani ya gari, niende?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata Segerea. Dada yangu ni muuguzi Marekani. Anafanya kazi kwa mikataba ya wiki 13, leo hospitali hii, kesho jimbo lingine. Mwaka jana yeye na mumewe walirudisha nyumba ya kupanga wakanunua RV, yale magari yenye kitanda, jiko na choo humo humo. Kuanzia Juni watakuwa Fairbanks, Alaska, na anataka niende miezi mitatu nimsaidie mtoto mchanga. Mume wangu ameridhia, ila ndugu wanasema dada amefulia, ndiyo maana analala garini. Mimi yangu ni mengine. Choo kinakwenda wapi? Shemeji yupo, nitalala wapi? Na nasikia jua halizami, sasa nitaswali vipi? Nakuuliza wewe kwa sababu uliwahi kuandika kwamba umekaa huko.

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni kweli, mwaka 2022 nilikaa kiangazi kizima Fairbanks na binti yangu na mume wake, ndani ya gari la mita nane na nusu.

Hilo la kufulia waambie ndugu waliache. Mtu anayehama kila wiki 13, akilipia nyumba asiyoilalia, ndiye anayetupa hela. Tulipoegesha, majirani zetu wengi walikuwa wastaafu walioishi hivyo mwaka mzima. Baridi ikianza wanashuka Arizona, joto likirudi wanapanda tena kaskazini. Baadhi anwani yao ya kisheria iko South Dakota, jimbo lisilotoza kodi ya mapato. Hao si watu waliokosa pa kukaa.

Sasa choo. Chini ya sakafu kuna matangi matatu: la maji safi, la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, na la choo. La kwetu la maji safi lilibeba lita 150, yaani madumu saba na nusu. Ukiegesha penye bomba unaunganisha mpira na huna shida. Lakini tulipokwenda Hifadhi ya Taifa ya Denali tukakaa siku tano, kule kambini hakuna bomba la kuunganisha, na madumu hayo saba na nusu ndiyo yalikuwa maji yetu sote watatu. Mtoto wa Dar hapo hahitaji kufundishwa. Niliomba ndoo na kopo. Nusu ndoo naoga, kopo moja udhu, na choo chenyewe kinapenda maji, kwa hiyo kutawaza hakuharibu kitu. Wiki ya pili binti yangu naye akaacha bomba la mvua akarudi kwenye kopo, kama tulivyokuwa Magomeni.

Kosa langu lilikuwa kwenye vyombo. Siku moja niliosha sufuria za samaki huku bomba likitiririka, kama nipo nyumbani. Tangi la maji machafu likajaa, na lilipokosa nafasi, maji yenye mafuta na magamba yakapanda kupitia tundu la bafuni, yakasimama kwenye beseni la kuogea. Nililia siku ile. Mkwe wangu ndiye aliyeyachota, nami nimesimama nje nimeshika khanga yangu, sina hata neno la kumwambia. Basi wewe osha kwenye beseni dogo, na kila asubuhi tazama taa za ukutani zinazoonyesha tangi limefika wapi.

Kumwaga choo mwombe dada akuonyeshe siku ya kwanza kabisa, usingoje dharura. Pana vituo maalumu vyenye shimo na kifuniko. Vaa glavu. Funga mpira mnene kwenye mdomo wa tangi, uuzungushe mpaka usikie umeshika, upande wa pili uingie shimoni. Vuta koki ya choo kwanza. Utausikia mpira unatikisika mkononi, kisha unatulia. Ndipo uvute koki ya maji ya kuogea, yapite humo humo yausafishe mpira. Na koki ya choo isiachwe wazi hata kama mmeegesha juu ya shimo, kwani majimaji yatakimbia na kizito kitabaki na kugandia chini. Tangi liache lifike theluthi mbili, ndipo umwage. Humo haingii pedi wala kitambaa cha kufutia mtoto, hata kile kilichoandikwa kwamba kinafaa chooni.

La shemeji ndilo lililoniumiza kichwa mimi pia, maana mkwe wa kiume na mama mkwe kwa mila zetu hawabanani chumba kimoja, na gari ni chumba kimoja. Wao walilala nyuma, penye mlango. Mimi nililala kwenye meza ya kulia, ambayo usiku inashushwa inakuwa kitanda, na pazia likavutwa. Tulikubaliana kabla sijafungua begi: nguo zinabadilishiwa chooni tu, na saa moja asubuhi mimi natoka na kiti changu kukaa nje mpaka mkwe amemaliza kujitayarisha. Hakuna aliyeona aibu kuyasema. Mpigie dada sasa hivi muyapange ukiwa bado Tabata, yeye na mumewe wote wasikie. Miezi mitatu ni mirefu kwa mtu anayejibana kimyakimya.

Jua: katikati ya Juni Fairbanks linazama muda mfupi kabla ya saa saba usiku na kuchomoza saa tisa hivi, na hata kati ya hapo haliingii giza, unasoma Msahafu bila taa. Sheikh wangu hapa Dar alinielekeza nifuate ratiba ya mji wa karibu ambao usiku wake unatambulikana. Wewe muulize wa kwako kabla hujapanda ndege. Usingizi ndio utakaokusumbua zaidi. Nilitundika khanga mbili kila dirisha, nikabana kwa vibanio vya nguo, na lile dirisha la darini nikaliziba kwa mto. Usipofanya hivyo utajikuta unakatakata vitunguu saa sita usiku ukidhani ni alasiri, na mtoto mchanga naye hatalala.

Umeme wao ni volti 120, wetu 230. Pasi na blenda za Kariakoo ziache. Chaji ya simu iliyoandikwa 100–240 inafaa, tafuta plagi ya kuigeuzia tu. Gari la ampea 30 lina wati 3,600 kwa jumla, basi birika, hita na maikrowevu vikiwashwa pamoja swichi inajizima. Jiko ni la gesi ya mtungi. Hakikisha kengele ya kunusa gesi na ile ya kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, zinalia mkizijaribu, na usiliwashe jiko kupasha gari joto, hasa mtoto akiwa ndani. Ugali nilipika kwa unga wa njano wa dukani kwao. Unasongeka, ila ni mzito kidogo.

Mbu wapo wengi kuliko wa Jangwani wakati wa masika, lakini hawana malaria. Chandarua kwa mtoto chukua. Chakula hakilazwi nje hata kipande, dubu wanafuata harufu. Huko Denali gari binafsi kiangazi linaishia kilomita 24, mbele unapanda basi la hifadhi. Mlima wenyewe una mita 6,190, umeuzidi Kilimanjaro wetu kwa 295, na katika siku tano mawingu yalitufungulia asubuhi moja.

Jambo moja la makaratasi. Kama dada anataka akuchukue majimbo ya chini, yaani yale yaliyo kusini mwa Kanada, mpande pamoja kwa barabara, njia inapita Kanada, na utahitaji viza ya Kanada pia. Viza ya Marekani haikupitishi hapo. Wepesi zaidi ni kuruka kupitia Seattle hadi Fairbanks.

Mchana Julai ni nyuzi 22 au 23, lakini ukikaa hadi mwisho wa Agosti majani yanageuka njano na asubuhi unatoa moshi mdomoni. Giza linarudi kidogo kidogo. Usiku nilioona nyota kwa mara ya kwanza tangu Juni nilimwamsha binti yangu, tukakaa ngazini tumejifunika blanketi moja mpaka miguu ikafa ganzi.

Sweta mbili zinatosha kuanzia. Kopo beba la kwako.