Vita vya Hittin Juu ya Meza: Anza na Ardhi, Askari Watafuata

Miaka sita iliyopita nilimaliza akiba ya miezi minne kwa kununua visanamu vya askari wa Zama za Kati. Vilikuwa vya plastiki, vya kipimo cha moja kwa sabini na mbili, yaani askari aliyesimama ana kimo cha sentimita mbili na nusu hivi. Nikavipaka rangi kimoja kimoja, usiku baada ya usiku, hadi nikawa na 120 kila upande. Siku ya vita ya kwanza nikatandika shuka la kijani juu ya meza ya chakula, nikavipanga mistari miwili ikitazamana, na mpwa wangu akashika jeshi la pili. Tulianza baada ya Adhuhuri na tulikuwa bado tumeinama pale ilipoadhiniwa Magharibi. Mistari ilikutana katikati ikasagana, basi. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, hawa watu wagombania nini?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kugombania. Shuka la kijani halina maji, halina njia, halina mlima wa kukimbilia. Tangu siku ile, kila anayeniuliza aanzie wapi mchezo huu wa vita vya mezani namwambia neno lilelile: tengeneza ardhi kwanza. Ardhi ikiwa ya kweli, hata askari wa karatasi ngumu watakutosha.

Vita vyenyewe vya kale vinaonyesha hivyo. Tarehe 25 Oktoba 1415, pale Agincourt, Ufaransa, Wafaransa walikuwa wengi kuliko jeshi la Henry wa Tano wa Uingereza. Lakini shamba lilikuwa limelimwa, mvua imelilowesha, na misitu imelibana huku na huku. Watu waliovaa deraya nzito wakazama kwenye tope, wakasongamana hata mkono wa kuinua upanga hauna nafasi, na mishale inawamiminikia. Liondoe tope lile na misitu ile, uwaweke kwenye shuka langu la kijani, na Waingereza hawana pa kushika. Hastings, Uingereza, mwaka 1066 ni vivyo hivyo: ukuta wa ngao wa Mfalme Harold ulidumu karibu siku nzima kwa sababu ulisimama juu ya mgongo wa kilima, na farasi wa mvamizi, William wa Normandy, walilazimika kupanda.

Vita nilivyovichagua baada ya aibu ile ya kwanza ni Hittin. Kwetu jina la Salahuddin halihitaji maelezo. Wengi tumelisikia tangu chuoni. Ila wengi tunajua alishinda, na wachache tunajua alishinda kwa nini.

Tarehe 3 Julai 1187 Mfalme Guy wa Lusignan, mfalme wa Wanamsalaba, yaani Wakristo wa Ulaya waliokuwa wakiitawala Jerusalem, aliliondoa jeshi lake Saffuriya, mahali penye chemchemi, akaelekea mashariki kwenda Tiberias, mji ambao Salahuddin alikuwa ameuzingira kando ya ziwa. Raymond wa Tripoli, mmoja wa makamanda wa Guy, alishauri wasiende, na mkewe mwenyewe ndiye aliyekuwa amefungiwa ndani ya ngome ya Tiberias. Hakusikilizwa. Wanahistoria hulikadiria jeshi la Guy kuwa watu 20,000 hivi, na miongoni mwao wapanda farasi wa deraya nzito 1,200. Wakatembea kwenye jua la Julai huku wapiga mishale wa farasi wakiwadonoa, hasa kwa nyuma. Wakalala bila maji. Waislamu walikuwa wakiletewa maji kwa ngamia kutoka ziwani. Asubuhi nyasi kavu zikatiwa moto, moshi ukawaingia machoni watu ambao koo zao zilikuwa zimeshakauka. Askari wa miguu wakawaacha wapanda farasi, wakapanda vilele viwili vinavyoitwa Pembe za Hittin, wakakataa kushuka. Tarehe 2 Oktoba mwaka huohuo Jerusalem ikawa mikononi mwa Salahuddin.

Ukisoma habari hii kama mtu anayetaka kuicheza, utaona kwamba kitu kikubwa zaidi mezani ni maji. Basi anza hapo.

Meza yangu ni kipande cha plaiwudi cha futi sita kwa nne. Upande wa mashariki nimepaka ziwa, rangi ya buluu iliyofunikwa vanishi mara tatu ili ing'ae. Kaskazini, nyuma ya Pembe, kuna kijiji cha Hittin na chemchemi yake. Nimeiwekea kipande kidogo cha kioo. Pembe zenyewe ni ile povu nyeupe inayokuja ndani ya maboksi ya televisheni, nimeichonga kwa kisu cha moto na kuipaka gundi nyeupe ya seremala. Nyasi kavu ni makumbi ya nazi, yaliyochambuliwa na kukatwa vipande vya nusu sentimita. Hakuna nyasi za dukani zinazoyashinda kwa rangi ya Julai. Unga wa mbao utaupata bure kwa fundi yeyote wa samani, ukiuchanganya na rangi ya kahawia utapata udongo.

Kwenye mchanga usifanye nilivyofanya. Nilichota ufuoni kwa kuwa uko karibu, nikaubandika chini ya askari wote bila kuuosha. Ilipofika kusi, chumvi ikavuta unyevu, gundi ikalegea, na rangi ikabanduka kama magamba. Kazi ya miezi miwili ilinibidi niianze upya. Tumia mchanga wa mjengo uliochekechwa, au kama ni wa bahari, uoshe kwa maji baridi mara tatu kisha uukaushe kwenye sufuria. Vanishi ya kupuliza nayo usiiguse siku za mvua ya Mei. Hewa ikiwa imejaa unyevu, vanishi huganda ikawa ukungu mweupe juu ya nyuso za askari, na kuutoa si rahisi. Paka kwa brashi, au ngoja siku kavu ya kaskazi. Na visanamu vya plastiki laini vioshwe kwa maji ya sabuni kabla ya rangi yoyote, maana vinatoka kiwandani na mafuta.

Askari sasa ni vibao 12 tu kila upande. Kibao cha watu wa miguu kinabeba visanamu vinne, cha farasi vitatu. Unasogeza kibao kizima, wala husogezi mtu mmoja mmoja, na hiyo peke yake iliushusha mchezo wetu kutoka alasiri nzima hadi muda wa saa mbili. Watu wa miguu wanakwenda sentimita 10 kwa zamu, farasi wa deraya 20, wapiga mishale wa farasi 25. Napima kwa futi ya fundi cherehani.

Nyumbani kwetu, kama nyumba nyingi za Mji wa Kale wa Mombasa, dadu haiingii. Wazee hawaitaki kwa sababu za dini na mimi nawaheshimu. Nilichofanya ni kuchukua komwe 12, zilezile za bao, nikazitia nukta za rangi: mbili zina nukta moja, mbili zina nukta mbili, hivyo hivyo hadi sita. Zinakaa ndani ya kifuko. Mwanzo wa zamu unachota moja bila kutazama, na nukta zake ndizo idadi ya vibao unavyoruhusiwa kusogeza. Mapigano yakitokea kila upande unachota moja na kujumlisha nguvu ya kibao chake. Komwe iliyotoka hairudi mpaka kifuko kiishe. Kwa njia hii bahati mbaya haimwandami mtu usiku kucha: mkichota za nukta moja mwanzoni, mnajua za nukta sita ziko ndani bado. Nimecheza kwa dadu kwingineko na sasa naona kifuko ni bora, kwa sababu kinampa kamanda kitu cha kukadiria.

Kiu nimeipima kwa kunde. Kila kibao cha Wanamsalaba kinaanza na kunde tatu. Kibao kilichotembea au kupigana kinapoteza moja mwisho wa zamu, kilichosimama hakipotezi. Kikimaliza kunde, kinapunguziwa nguvu moja katika kila pambano. Moshi ni pamba ya duka la dawa, na kibao kilichoguswa na pamba kinapoteza kunde mbili badala ya moja. Ibandike pamba kwa gundi kidogo, la sivyo panka itauhamisha moshi kwenye jeshi lisilohusika, na kwa joto letu huwezi kuizima panka.

Wanamsalaba wanashinda wakifikisha vibao vitatu kwenye ziwa au kwenye chemchemi kabla ya zamu ya kumi kwisha. Salahuddin anashinda hema ya Mfalme Guy ikianguka. Hema sikuitoa kichwani mwangu. Al-Afdal, mtoto wa Salahuddin, alisimulia jinsi baba yake alivyokataa kuamini kwamba adui ameshindwa maadamu hema ile imesimama kule juu, na alipoiona inaanguka alishuka kwenye farasi akasujudu, akalia.

Shida moja utakutana nayo hapa Mombasa: kila mtu anataka kuwa Salahuddin. Dawa yake ni kucheza mara mbili na kubadilishana. Upande wa Guy ndio wenye mafunzo mengi zaidi, na mimi sikuyaona mpaka alipoushika jirani yetu, mzee ambaye mtaa mzima tunamwita Ami, mchezaji bao wa miaka mingi. Alikaa, akavitazama vibao kwa muda, halafu akaviondoa vinne kwenye mstari akaviweka nyuma.

"Ami, mbona hivi waviacha?" nikamuuliza.

"Mwanangu, kwenye bao waanza na kete kumi ubaoni na ishirini na mbili mkononi. Zile za mkononi huzimwagi. Waziingiza moja moja, na mwenzio hajui utaiingiza wapi."

Nilikuwa nimecheza Hittin mara saba na kila mara nilitupa vibao vyote vya farasi mbele zamu ya pili. Ukishika jeshi lolote la Zama za Kati, fanya alivyofanya Ami: vibao vinne vya akiba, na usiviguse mpaka ujue pambano zito liko wapi.

Jambo la pili kwa mwenye kumshika Guy: usiwatenganishe watu wa miguu na farasi. Kanuni yetu inasema kibao cha farasi kikigusana na kibao cha miguu upande mishale inakotoka, hakiwezi kupigwa. Ngao na mikuki inawafunika farasi, na farasi ndio wanaowatisha wapiga mishale wasisogee. Mmoja akiondoka, wote wawili wamekwisha, na ndivyo ilivyokuwa pale kwenye Pembe.

Kwa mwenye kumshika Salahuddin ushauri ni mgumu zaidi kuufuata: ngoja. Mpwa wangu mwanzoni alikuwa akishambulia zamu ya kwanza, na kila mara farasi wa deraya walimvunja. Farasi wepesi wakishambuliwa wana ruhusa ya kurudi nyuma sentimita 15 bila hasara. Itumie. Raymond alipowashambulia watu wa Taqi al-Din, kamanda wa Salahuddin, wao walifungua njia wakampisha, na baada ya kupita hakuwa na njia ya kurudi kwa mfalme wake. Kwetu kibao cha farasi wa deraya kinachopita mstari wa adui hadi ukingo wa meza kimetoka vitani. Acha kunde ziishe. Kila zamu unayomchosha adui bila kumgusa ni zamu uliyoshinda, hata kama huoni kisanamu chochote kikianguka.

Usiku ule wa Ami, mpwa wangu alingoja. Alingoja mpaka zamu ya saba, na Ami alikuwa sentimita 20 tu kutoka ziwani, miguu na farasi pamoja, akiba yake nzima. Ila kunde zilikuwa zimekwisha kwenye vibao vitano. Mpwa wangu akaweka pamba mbele yake yote. Vibao viwili vya miguu vikavunjika, farasi wakabaki wazi kwa mishale, na Ami akavitoa vibao vyake vyote vinne vya akiba kwa mara moja kumfuata Salahuddin mwenyewe. Alikaribia sana. Hema ikaanguka zamu ya tisa.

Adhana ya Isha ilikuwa imeshaanza. Nikanyoosha mkono nianze kukusanya vibao, Ami akanizuia. "Meza iwate hivyo hivyo." Baada ya sala alirudi na birika la kahawa, akahesabu kunde upya, akavirudisha vibao vyake pale vilipokuwa zamu ya nne, na safari hii akaligeuza jeshi kaskazini, kuelekea chemchemi.